Kuandika blogu bila kujulikana: Blogger au WordPress.com?

Dadangu wa Likoni, nimekuelewa: wataka kuandika mambo ya bandarini bila mwajiri kujua ni wewe, na umekwama kati ya Blogger na WordPress.com. Zote zafaa. Kinachowaumbua watu mara nyingi ni barua pepe.

Blogger hufunguliwa kwa akaunti ya Google. Usitumie ile iliyo kwenye simu yako. Fungua mpya, yenye jina la kalamu. WordPress.com nayo imeunganishwa na Gravatar, huduma inayofunga picha ya wasifu na barua pepe, kwa hivyo barua pepe ya zamani yaweza kuja na picha yako ya zamani. Na kompyuta ya kazini usiiguse kabisa.

Picha ndizo hatari zaidi. Simu yaweza kuandika ndani ya faili mahali na saa ilipopigwa. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera, au piga skrinshoti ya picha na upakie hiyo. Kisha tazama kilicho nyuma: beji, namba ya lori, namba ya kontena. Picha ambayo ni wewe tu ungeweza kuipiga, iache.

Kikoa cha kulipia, yaani anwani ya tovuti iliyo yako mwenyewe, kisubiri. Msajili huchukua jina na simu, na M-Pesa ina jina lako. Matangazo ya AdSense, huduma ya Google ya kulipwa kwa matangazo, vilevile.

Ila mahakama yaweza kuamuru kampuni itoe data zako. Kabla ya kumtaja mtu kwa wizi, muone wakili. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni iliweka adhabu kwa kuchapisha habari za uongo.