Land Rover Series III inavuja oili baada ya kubadilisha filta

Kaka wa Masasi uliyeuliza kwa nini Land Rover yako inavuja oili, pole. Kama oili ilianza kuvuja siku ileile uliyobadilisha filta, usikubali fundi afungue injini. Angalia kwanza raba, ile pete ya filta inayozuia oili isitoke. Filta ya gari hilo ni ya karatasi, inakaa ndani ya kopo la chuma, na raba yake imejificha kwenye mfereji wa juu, upande wa injini. Raba ya zamani hukauka na kushika rangi ya chuma, kwa macho huioni. Ukiweka mpya juu yake, kopo halikai sawa, na injini ikiwaka tu oili inamwagika. Lilinikuta mimi hapa Mikindani, oili yangu mpya ikaishia mchangani. Raba ya zamani ichokonoe kwa sindano ya kushonea magunia ya korosho, taratibu, usikwaruze chuma, kisha pitisha kidole mfereji mzima.

Bolti ya kumwagia oili iwekee washa mpya ya shaba na usiikaze kwa nguvu zako zote. Oili 20W-50 inafaa joto letu. Injini ya petroli ya lita 2.25 inataka karibu lita 6, na kama 0.85 zaidi kwa ajili ya filta. Ukiwasha, usikanyage mafuta mpaka taa ya presha ya oili izime. Iache iungurume kidogo, zima, subiri, ndipo upime, gari likiwa pa tambarare. Oili chafu tia kwenye dumu, tafadhali, usimwage chini ya mikorosho.

Ukishuka Mtwara nitafute, sindano ninayo.