Maswali ya kemia: kanieneo, ujazo na msawazo wa gesi

Katika utengenezaji wa amonia, kanieneo ikiongezeka msawazo huelekea wapi? (Kidato cha sita, Iringa)

Msawazo, yaani hali ambapo mmenyuko wa kwenda na wa kurudi huenda kwa kasi sawa, huelekea kwenye amonia, kwa kuwa molekuli 1 ya naitrojeni na 3 za haidrojeni huzaa molekuli 2 tu. Swali hili hunifikia kila muhula, na karibu kila mara muulizaji hasemi kanieneo imeongezwa kwa njia gani, ilhali jibu lote limo humo. Nimechukulia kwamba umepunguza ujazo wa chombo.

Nikiingiza agoni katika chombo kilichofungwa, kanieneo hupanda. Mbona mwalimu anasema msawazo hausogei? (Mafinga)

Mwalimu wako yuko sahihi. Agoni haishiriki katika mmenyuko na ujazo ni uleule, kwa hiyo kiasi cha kila gesi inayoshiriki katika kila lita hakijabadilika. Chombo kingekuwa na pistoni inayosogea, na kanieneo ya jumla ikabaki palepale, agoni ingetanua ujazo na msawazo ungeelekea upande wenye molekuli nyingi za gesi. Aliyekariri kwamba kanieneo ikipanda molekuli hupungua atakosa maswali yote mawili, na mtihani wa taifa haumhurumii mtu.

Je, kubana husogeza msawazo haidrojeni na iodini zinapounda haidrojeni iodidi? (Makambako)

Kuna molekuli 2 za gesi kila upande. Kubana hakuhamishi chochote.

Nilibana mchanganyiko wa NO₂ na N₂O₄ katika bomba la sindano, rangi ya kahawia ikakolea badala ya kufifia. Je, kanuni ya Le Chatelier imekosea? (Mwalimu, Tukuyu)

Kanuni hiyo, isemayo kwamba mfumo ulio kwenye msawazo husogea kupunguza badiliko unalofanyiwa, haijakosea; yametokea mambo mawili, nawe umeona la kwanza. Ukipunguza ujazo kuwa nusu, kila gesi husongamana maradufu papo hapo, na rangi hukolea. Hapo mraba wa msongamano wa NO₂ ukigawanywa kwa ule wa N₂O₄ hutoa mara 2 ya thabiti ya msawazo, yaani uwiano huohuo wakati wa msawazo, na kwa kuwa thabiti hiyo hubadilishwa na halijoto pekee, sehemu ya NO₂ ya kahawia hulazimika kuungana kuwa N₂O₄ isiyo na rangi. Rangi hufifia kidogo, ila hairudi ilivyokuwa, maana mfumo hupunguza athari ya badiliko, hauifuti. NO₂ ni sumu inayoweza kudhuru mapafu saa kadhaa baada ya kuvutwa, hivyo usiitumie darasani katika baridi ya Juni na Julai, madirisha yakiwa yamefungwa.

Kanieneo inahusikaje na tanuri la chokaa, ilhali tunachoma mawe? (Songwe)

Mawe huvunjika kuwa chokaa na hewa ukaa. Mawe na chokaa, kwa kuwa ni yabisi, haviingii katika hesabu. Huhesabiwa hewa ukaa peke yake. Kanieneo yake ya msawazo hufikia takriban atimosfia 1 kwenye nyuzijoto 900 hivi, na ikiondolewa kadiri inavyotoka, mawe huendelea kuvunjika hata chini ya joto hilo. Ikikwama ndani, utateketeza kuni nyingi zaidi kwa chokaa ileile. Gesi za tanuri huua kimyakimya, kwa hiyo asilale mtu kando yake kutafuta joto.