Makadirio mawili ya sola kwa paa moja: nishike yapi?

SWALI: Mafundi wawili wamenikadiria umeme wa paneli zilezile za kilowati 4. Wa kwanza alitumia kanuni sanifu, akakata asilimia 10 kwa kivuli cha mti, akapata uniti 3,420 kwa mwaka. Wa pili alitumia programu ya kompyuta, akapata 3,900. Nani ananidanganya?

JIBU: Pengine hakuna, ila ya pili yanahitaji maswali.

Kanuni sanifu ni fupi: ukubwa wa mfumo, mara uniti zinazotarajiwa kwa kila kilowati katika eneo lako kwa mwinamo na mwelekeo wa paa, mara kipunguzo cha kivuli. Kwako ni 4 × 950 × 0.9. Haiijui inveta yako (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) wala waya zako, lakini inakuwezesha kulinganisha mafundi, kwa kuwa wote wanapimwa kwa kipimo kimoja.

Programu hupiga hesabu saa kwa saa, saa zote 8,760 za mwaka, na ndiyo maana naipenda. Chukua joto. Nguvu iliyoandikwa kwenye paneli ilipimwa kwa mionzi ya wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zake (vipande vidogo vinavyozalisha umeme) zikiwa na nyuzijoto 25. Jua likiwaka vizuri, juu ya paa seli hufika 55 bila shida. Paneli ikipoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi, saa hiyo umepungukiwa asilimia 10.5. Programu huliona hilo kila saa. Kanuni hulifunika ndani ya wastani.

Lakini programu humtii anayeijaza. Rudi kwenye namba zako: ukiondoa kivuli kabisa, kanuni inatoa 3,800. Programu imepita hata hapo! Takwimu tofauti za hali ya hewa zinaweza kuleta hilo, ila mimi ningeanza na mti. Inawezekana haukuchorwa.

Mwombe fundi ripoti nzima, si ukurasa wa mwisho tu. Tafuta mstari wa upotevu wa kivuli. Ukikuta sifuri, achore mti kwa urefu wake na umbali wake halisi, kisha aendeshe hesabu upya. Kivuli kidogo kinachoangukia seli chache kinaweza kushusha paneli zote zilizounganishwa mfululizo, kwa hiyo usikubali “ni kidogo tu”. Angalia pia takwimu za jua ni wastani wa miaka mingi au za mwaka mmoja.

Mpaka ripoti hiyo ifike, pangia bajeti yako 3,420.