Chembe sahani zimeshuka? Soma hii kabla namba haijakunyima usingizi

Kama umetoka maabara na karatasi imeandikwa chembe sahani (platelets, vile vichembe vya damu vinavyozuia damu isiendelee kutoka) 40, au 25, au hata 12, na pembeni kuna mshale unaoelekea chini, haya nimekuandikia wewe. Mimi naishi na ITP miaka mingi sasa, yaani ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia chembe sahani zake yenyewe, na ushauri wangu mkubwa ni huu: namba ifuatilie, lakini usiifanye ndo bosi wa maisha yako, cha kukiangalia kila siku ni je unatoka damu, inatokea wapi, na inachukua muda gani kukata.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita moja ya damu, maabara nyingi wanaziacha zile sifuri tatu ndo maana unasoma 40 badala ya 40,000. Chembe sahani zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa, zinaishi siku 7 mpaka 10 basi, kisha bandama na ini vinaziondoa na mpya zinaingia. Mshipa ukichanika zinakimbilia pale, zinajibandika, zinaitana, zinashikana mpaka tundu linazibwa. Sasa watu hawaambiwi kwamba mwili una akiba kubwa sana hapo, mtu mwenye 50,000 mara nyingi anaendelea na shughuli zake bila kutoka damu ovyo, wasiwasi wa kweli unaanza zikishuka chini ya 30,000 na unakuwa mkubwa zaidi chini ya 10,000. Na hata huko chini watu hatufanani kabisa, kuna mwenye 8 ana vidoti viwili vitatu tu mguuni na kuna mwenye 25 fizi hazikauki damu.

Halafu kuna jambo ambalo nalisema kwa kila anayeniuliza: kabla hujakubali kuanza dawa, omba damu yako iangaliwe kwa hadubini. Kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina kemikali inaitwa EDTA ya kuzuia damu isigande, ila kwa watu wachache hiyo hiyo EDTA inafanya chembe sahani zishikane mabonge mabonge ndani ya kichupa, mashine ikipita inashindwa kuzihesabu moja moja, majibu yanatoka chini sana wakati mtu mwenyewe ni mzima. Fundi wa maabara akipaka tone kwenye kioo atayaona mabonge, mara nyingi yamejazana pembeni mwa utando wa damu, na akitaka uhakika anarudia kipimo kwa kichupa cha sitreti, kile cha kifuniko cha bluu. Ni kazi ndogo sana na inaweza kumwepusha mtu na miezi ya steroidi, zile dawa za kutuliza kinga, ambazo wala hazihitaji.

Kioo changu mimi niliomba nikione na nikaruhusiwa. Chembe nyekundu zimejaa kila mahali, unasogeza, unasogeza tena, halafu unakutana na kidoti kimoja cha zambarau peke yake, ila kikubwa kuliko kawaida. Daktari akanieleza kwamba ukubwa ule unaonyesha ni changa, zimetoka uboho juzi tu, maana yake kiwanda kinafanya kazi, tatizo ni kwamba zikishaingia kwenye damu zinaharibiwa haraka.

Na hilo la kwamba zinaharibiwa kwenye damu halikujulikana hivihivi, kuna mtu alihatarisha maisha yake. Mwaka 1950 huko St. Louis Marekani, daktari kijana anaitwa William Harrington alijiwekea damu ya mgonjwa wa ITP, kama nusu lita hivi. Wakati huo wataalamu walikuwa wanabishana, wengine wanasema uboho ndo umegoma, wengine wanasema chembe zinauliwa nje, na tangu 1916 mwanafunzi wa udaktari Paul Kaznelson alishapendekeza mgonjwa atolewe bandama na chembe sahani zikapanda, lakini sababu ilikuwa haijathibitishwa. Ndani ya masaa machache chembe sahani za Harrington zikaporomoka, vidoti vyekundu vikamtoka, akapata na degedege, na baada ya siku kadhaa zikarudi zenyewe. Wenzake nao wakajitolea. Utafiti ulitoka 1951 na ukaonyesha kwamba kuna kitu ndani ya damu ya mgonjwa kinachoziua, baadaye ikafahamika ni antibodi, yaani protini za kinga ya mwili. Mimi kila nikimeza dawa ya kutuliza kinga namkumbuka huyu mtu kwa heshima kubwa, maana bila yeye na wenzake tungeendelea kutibiwa kwa kubahatisha.

Sasa ya kila siku. Vile vidoti vyekundu, kama umechomwachomwa na ncha ya sindano, vinapenda kutokea miguuni, bonyeza na glasi inayoonyesha, upele wa kawaida unafifia lakini hivi havififii. Mdomo ndo muhimu zaidi: ukiona malengelenge ya damu ndani ya shavu au kwenye ulimi usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Wanawake wafuatilie hedhi, ikizidi wasione aibu kusema, dawa za kupunguza zipo.

Aspirini acha kabisa isipokuwa daktari anayejua hali yako ndo amekuandikia. Chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya badala ya kile ambacho aspirini imekiharibu, kwa hiyo kidonge kimoja kinailemaza mpaka inakufa, unazo chache halafu na hizo chache hazifanyi kazi. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ziepuke, ukiumwa kichwa kidogo parasetamoli kwa kipimo chake inatosha. Sindano za kwenye msuli waambie wasubiri kwanza waulize, na daktari wa meno ajue kabla hajashika koleo.

Ukiandikiwa predinisoloni, ambayo ni steroidi, jiandae: usingizi unapotea, njaa haiishi, hasira zinakuja bila sababu, sukari inaweza kupanda. Waambie watu wa nyumbani mapema. Na usiache ghafla hata kama namba imependeza, inapunguzwa taratibu kwa maelekezo. Ukipewa eltrombopagi, ile inayouhimiza uboho utengeneze zaidi, inywe masaa 2 kabla ya maziwa au 4 baada yake, kalsiamu inaizuia kuingia mwilini na watu wanadhani dawa imegoma. Hakikisha pia umepimwa VVU, homa ya ini aina ya C na wale bakteria wa tumbo wanaoitwa H. pylori, maana hayo yote yanaweza kushusha chembe sahani na yana matibabu yake.

Wazazi, watoto wengi wenye ITP wanapona wenyewe ndani ya miezi, na daktari akikwambia tumwangalie tu bila dawa hajakupuuza, hayo nayo ni matibabu.

Uchovu ni kitu halisi, hata namba ikiwa nzuri, usikubali mtu akuite mvivu.

Ila kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu, au umejigonga kichwa, au unaona vitu viwiliviwili, au unatapika damu, usipime namba kwanza, nenda dharura. Ukifika mlangoni anza na "nina ITP, chembe sahani zangu ziko chini," mengine utaeleza baadaye.