Keki ya embe na zamu ya usiku

Wadogo zangu mlioanza intani muhula huu hapa China, juzi jioni nimewakuta kwenye lifti na boksi la keki, mishumaa imechomoza kwenye mfuko, mnapanda nayo wodini. Mwenzenu anatimiza miaka 24 na amepangiwa zamu ya usiku. Nikaichukua ile keki, mkaninunia. Nuneni, lakini nisikilizeni, kwa sababu kila mwaka nawaona wageni wakiingia shimo lile lile nililoingia mimi.

1. Embe. Sisi tukiona embe tunaona Tabora, tunaona Desemba na watoto wenye midomo ya njano. Mwenzako Mchina aliye zamu anasikia kitu kingine: mangguo, yaani embe kwa Kichina, inaanza kwa sauti ile ile ya mang, yaani kuzidiwa na kazi. Tunda la joka nalo hawalitaki usiku. Peleka matufaha, maana pingguo inawakumbusha ping'an, usalama. Wala usianze kumpa muuguzi mhadhara wa sayansi. Hata kwetu, jaribu kusema "leo wodi imetulia" mbele ya sista wa zamu uone atakavyokutazama.

2. Mishumaa. Kila kitanda kina tundu la oksijeni ukutani. Zaidi ya hapo sina maelezo.

3. Soma daftari la makabidhiano kabla hujafanya chochote. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza, siku yangu ya kuzaliwa iliangukia zamu ya usiku, wodi ya moyo. Nilikuwa mpweke mno wiki ile. Nikanunua keki ya embe, nikawaomba wauguzi wawili na intani mwenzangu tukutane kwenye meza ya wauguzi saa 6 usiku. Nilichelewa kufika kwa sababu nilikuwa nimeitwa idara ya dharura, na nilipofika sikugusa daftari. Muuguzi mmoja alitaka kuniambia jambo, nikamkatisha, nikamvisha kofia ya karatasi ya dhahabu iliyokuja na keki. Akaivua taratibu, akaiweka mezani. Nikaivaa mwenyewe. Nikaanza kuimba, na yule intani akaitikia kwa Kichina.

Mlango wa chumba cha tatu ukafunguka. Akatoka mama wa makamo, ndala miguuni, ameshika chupa ya chai tupu, ile ya bati yenye maua mekundu. Nyuma yake nikaona kitanda cha kukunja wanacholalia ndugu wa wagonjwa, na shuka limekunjwa vizuri juu yake. Mumewe alikuwa amefariki saa 5. Alikuwa anamsubiri mwanawe aliyekuwa njiani kutoka mji mwingine. Yote hayo yalikuwa kwenye daftari, mistari minne.

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Daktari, maji ya moto yako wapi?"

Nilikuwa bado nimevaa kofia. Muuguzi ndiye aliyenyoosha mkono akanivua. Nikaipokea ile chupa, nikaenda kuijaza, na njia nzima natafuta neno la kumwambia. Ninyi mnajua, kwetu neno lipo, unalitoa bila kufikiri: pole. Kichina changu cha wakati ule kilikuwa cha maumivu na kikohozi, unaumwa wapi, tangu lini. Sikulijua jie'ai, neno wanalompa mfiwa. Nilichokuwa nacho ni duibuqi, nisamehe, la mtu aliyekosa. Nikamwambia hilo hilo. Akaitikia kwa kichwa, akaipokea chupa kwa mikono miwili.

Ndiyo maana nawapigia kelele kuhusu daftari. Jie'ai lijifunzeni leo, msingoje HSK, mtihani wa Kichina.

4. Mama atapiga simu. Huko nyumbani saa 6 usiku, hapa China ni saa 11 alfajiri, na muda si mrefu wauguzi wanaanza kuzunguka kutoa damu. Mwambieni mapema apige ikiwa saa 1 jioni huko. Hapa itakuwa saa 6 usiku, tarehe imeshageuka, na atakuwa wa kwanza kukupongeza kama anavyotaka.

5. Mwenye sherehe ndiye anayelipa. Usiwaalike walimu kumi hotelini halafu ukatazama bili kama mgeni. Hongbao, ile zawadi ya pesa, ukitumiwa kwa WeChat kwenye simu pokea, shukuru, na siku ya mwenzako rudisha, ila tarakimu ya 4 isiwemo, kwao ni ya nuksi. Laoshi wako, yaani mwalimu, akikuletea tambi za maisha marefu, usizikate kwa meno katikati. Zivute mpaka ziishe, hata mchuzi ukirukia koti. Laoshi wangu alinipikia mwaka wa pili bila kuniambia, akazibeba kwenye kopo la chakula hadi chumba cha madaktari, akasimama pembeni mpaka nikamaliza. Nilimwona mama yangu pale, kabisa.

Keki yenu iko kwenye friji nyumbani kwangu, haijaguswa. Kesho mkitoka zamu, mkishakabidhi saa 2 na raundi ikaisha, njooni wote. Mishumaa nitawasha mimi, tambi nimeshanunua, na huko embe tutakula mpaka mseme basi.