Usitie nanasi bichi kwenye jeli hiyo

Ndugu, kabla hujafungua pakiti ya jelatini, liondoe hilo nanasi. Umeuliza vitindamlo vitatu vyepesi vya sikukuu ya familia katika majira ya kuchipua, na umesema cha kwanza kitakuwa jeli yenye vipande vibichi vya nanasi na kiwi, utakayoiandaa usiku wa kuamkia sikukuu. Haitaganda. Asubuhi utakuta maji ya rangi na matunda yanayoelea, kama nilivyokuta mimi wageni wakiwa njiani.

Jelatini ni protini itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, na jeli huganda kwa sababu nyuzi za protini hiyo hushikana na kuunda wavu unaoyashika maji. Nanasi bichi lina vimeng'enya viitwavyo bromelini, ambavyo hukatakata protini. Kiwi, papai, tini na tangawizi mbichi pia vina vimeng'enya vya namna hiyo. Nyuzi zikishakatwa haziungani tena, kwa hiyo kuiacha zaidi katika friji hakusaidii kitu, na ukiongeza pakiti nyingine, nayo italiwa vilevile.

Kinachoniudhi hadi leo ni yule mwandishi wa mapishi niliyemwamini, aliyeandika kwamba mtu atumie "matunda yoyote ayapendayo", kisha akaweka picha ya jeli iliyosimama wima na vipande vya nanasi ndani yake, bila kusema kama nanasi lile lilikuwa limepikwa au la. Mwingine alishauri nanasi ligandishwe kwanza, na huo ni upotoshaji mtupu, kwa kuwa baridi haiviharibu vimeng'enya hivyo. Huvipunguzia kasi tu, na barafu ikiyeyuka vinarudi kazini. Anayewaandikia watu wanaoandaa chakula cha jamaa zao wote ana wajibu wa kujua jambo hili.

Kanuni ni moja: matunda hayo yapite motoni kwanza. Katakata nanasi vipande vidogo, uvitie kwenye sufuria pamoja na maji yake, uviache vitokote kwa dakika 5, kisha uvipoze. Nanasi la kopo halina shida, kwa sababu lilikwisha kupashwa moto lilipokuwa likifungashwa. Jelatini yenyewe, gramu 7 kwa nusu lita ya juisi, inyunyize juu ya vijiko vichache vya maji baridi, usubiri ivimbe na kuwa kama uji mzito, ndipo uikoroge katika juisi ya moto isiyotokota, kwa kuwa kuichemsha hudhoofisha nguvu yake ya kugandisha. Kiwi ikichemshwa hupoteza kijani chake kizuri, kwa hiyo mahali pake weka stroberi, ambazo huingia mbichi bila madhara.

Ukipenda kubaki na nanasi bichi, tumia agari, itokanayo na mwani. Hiyo si protini, kwa hiyo bromelini haiwezi kuikata, ila lazima ichemshwe hadi iyeyuke kabisa, nayo huganda hata nje ya friji.

Na ile krimu ya maziwa unayotaka kuichanganya na kiwi kwa kitindamlo cha pili, jihadhari nayo pia: kiwi mbichi ikikaa ndani ya maziwa huyatia uchungu, kwa hiyo ipange juu wakati wa kupakua.