Rafiki kamaliza CPA, nimpe nini? Nenda na doti ya kanga

Umeuliza umpe zawadi gani rafiki yako aliyemaliza CPA, ile mitihani ya uhasibu, huku ana mtoto mchanga na kazi, na una elfu hamsini uliyofikiria kununulia keki. Hongera kwake jamani, kumaliza CPA huku unanyonyesha na asubuhi uko ofisini sio mchezo! Kwa hiyo elfu hamsini yako mi nakushauri achana na keki, nenda Kariakoo mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga, omba wakufungulie doti usome majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, moja moja mpaka upate la kumpongeza linalomfaa yeye kabisa, fundi aikate na kuipinda hapohapo, asibakiwe na kazi. Halafu usimkabidhi kimya kimya, waite mashosti wawili watatu mwende kwake jumamosi mkamvishe mabegani kwa vigelegele, na mmoja wenu akae na mtoto jioni nzima, huyo dada anahitaji kulala.